Mwalimu Sogea

6 Februari

Mwanangu,

Kosa wanalofanya watu wengi wakikabidhiwa chumba cha kompyuta ni kuanza kwa kuhesabu mashine. Nawe umelifanya. Barua yako yote ni hesabu: ngapi zinawaka, ngapi zimekufa, wanafunzi wangapi wanabanana kwenye moja. Sikulaumu, maana hata wakubwa wako huko juu wakitaka kujua hali ya somo lako watauliza hivyo hivyo. Lakini nimeisoma barua mara mbili, nimevaa miwani na nimevua, na bado sijui chumba chenyewe kikoje.

Mashine zimeelekea wapi? Wewe unasimama wapi ukifundisha, na ukisimama hapo unaona nini? Mtoto akikwama anafanyaje? Mimi nimefundisha taipu chuo cha uhazili mpaka nikastaafu, na katika miaka yote hiyo nimejifunza kwamba chumba kinaanza kufundisha kabla mwalimu hajafungua mdomo. Kuna vyumba vinavyowaambia wanafunzi "kaeni mtazame," na kuna vinavyowaambia "haya, kazi." Mwalimu mgeni hugombana na wanafunzi muhula mzima, kumbe anagombana na meza.

Umeniuliza kwa nini bado nakuandikia kwa kalamu wakati binamu yako ana kompyuta pale mezani. Ananifundisha. Kila akirudi kutoka benki tunakaa pamoja, na tunaendelea vizuri. Kalamu ni mazoea tu.

Baba yako mwambie dawa za presha hazinywewi siku anayojisikia vibaya tu.

Shangazi yako

---

19 Februari

Shangazi, shikamoo.

Umetaka chumba, haya, nakuletea chumba.

Mlangoni wanafunzi wanavua viatu. Anayejua sababu ni makamu wa mkuu, ambaye ndiye mwenye ufunguo, na ambaye kila siku nikimfuata huwa ndiyo kwanza ameanza kunywa chai. Mashine zote zimefunikwa vitambaa vyeupe vyenye ua pembeni, kazi ya darasa la ushonaji. Vitambaa vinakunjwa kwa nne na kuwekwa kulia. Mpaka viatu vipangwe na vitambaa vikunjwe, kipindi kimekwisha robo, na robo nyingine ya mwisho ni ya kufunika tena. Ninachofundisha hasa ni kufunua na kufunika.

Meza zimepangwa safu safu, zote zinatazama ubao. Mimi nasimama mbele, naona migongo ya mashine na juu yake vipaji vya nyuso. Nani anafanya nini kwenye skrini, sijui mpaka nizunguke. Na kule nyuma kabisa kuna kabati la vyuma vya zamani limeziba njia, kupita ni kujibana kama karatasi. Niliomba tuzigeuze meza. Mkuu akanichukua mpaka ofisini kwake, akanionesha picha ukutani, meza na mashine tu bila mwalimu, siku chumba kilipozinduliwa. Akaniambia, "Mwalimu, waliotupa hivi vitu siku yoyote watarudi. Wakute chumba kama walivyokiacha." Basi ndiyo hivyo. Nafundisha ndani ya picha.

Sasa lililo kubwa. Mwezi wa sita kidato cha tatu watafanya mtihani wa majaribio wa vitendo, na msimamizi atatoka shule nyingine. Mkuu amesema wazi, mbele ya walimu wote: wakifanya vibaya somo litafutwa, na chumba kitakuwa cha kuwekea madawati. Mwalimu wa hesabu akaniinamia sikioni, "Madawati angalau hayahitaji ufunguo." Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Wanafunzi wenyewe si wabaya. Yupo mmoja tunamwita Nahodha, mwerevu, anakaa mbele, huyo ndiye tegemeo langu. Wa nyuma ndio wananikatisha tamaa. Kuna msichana wanamwita Bi Mdogo, yeye na wenzake hawaulizi kitu, wanachekacheka tu. Mimi sijawahi kumwacha mwanafunzi akwame, anayeniita namfikia. Lakini asiyeita nimfanyeje?

Na wamenipa jina. Nikikaribia darasani nasikia, "Sogea anakuja, Sogea huyo." Sijui wamelitoa wapi. Ukiwauliza wanaangalia chini.

Mwanao

---

3 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimecheka kwa vitambaa, kisha nikaacha kucheka, maana nilikiona chumba. Sasa tunaweza kuzungumza.

Nitakueleza kitu cha taipu, nawe utavumilia. Wanafunzi wangu wa mwanzo walikuwa wanatazama vidole vyao. Ukitazama vidole hutapiga haraka maisha yako yote. Kwa hiyo nilishona vitambaa, navyo vilikuwa na kazi tofauti na hivyo vyenu: nilivifunga shingoni mwa mwanafunzi na upande wa pili juu ya mashine, mikono ikawa chini. Haoni vidole. Mimi pia sivioni. Anakosea, anasikia kengele ya mwisho wa mstari, anakasirika, anaanza upya. Wengine walilia. Nilikuwa natembea nyuma yao na rula mkononi, na ile rula sikuwahi kumpigia mtu. Nilikuwa naishika ili mikono yangu iwe na shughuli. Siku nikikueleza sababu utaona ni jambo dogo sana.

Kabla ya hapo naomba unifanyie kitu. Usiniandikie tena malalamiko, yote nimeyapokea na mengi ni ya haki. Niandikie tukio moja la kipindi chako, dogo tu, kama lilivyokuwa. Nani alisema nini. Mkono wa nani ulikuwa wapi.

Shangazi yako

---

17 Machi

Shangazi, shikamoo.

Sijaelewa unatafuta nini, lakini umeagiza.

Jana tulikuwa kwenye majedwali. Kazi ilikuwa kuandika mazao kwenye safu ya kwanza, uzito wake safu ya pili, kisha kujumlisha. Nikaeleza ubaoni, nikachora. Wakaanza. Mara Nahodha akanyoosha mkono.

"Mwalimu, imegoma."

"Imegoma vipi?"

"Imegoma tu, mwalimu."

Nikaenda. Kumbe alikuwa anajumlisha safu ya majina, anataka kujumlisha mahindi na maharage kama maneno. Nikamwambia, "Sogea kidogo nikuoneshe." Nikashika kipanya, nikachagua safu ya pili, nikabonyeza, jumla ikatokea.

"Umeona?"

"Nimeona, mwalimu."

"Umeelewa?"

"Nimeelewa kabisa."

Bado sijanyooka, jirani yake ananiita. "Mwalimu na huku." Nikaenda huku. Na kule. Na kule tena. Mpaka kengele inalia shati limelowa mgongoni, kama mtu aliyekuwa analima. Kule nyuma sikufika. Makamu alikuwa ameshasimama mlangoni anachezesha ufunguo.

Hilo ndilo tukio. Ukiona ndani yake kosa ambalo si la mkuu, la makamu, la kabati au la umeme, utaniambia.

Mwanao

---

28 Machi

Mwanangu,

Nimeliona, na kwa kuwa umeniomba nikuambie, nitakuambia kama nilivyokuwa nikiwaambia walimu wapya chuoni, bila kupaka sukari.

Kwanza, sasa najua jina lako la utani limetoka wapi. Soma barua yako mwenyewe. Nahodha alikwama, wewe ukamwambia sogea, ukashika kipanya, ukafanya kazi yake, ukamuuliza kama ameona. Ameona, ndiyo. Aliyefanya ni wewe. Mkono wake ulikuwa mapajani. Kisha ukaenda kwa jirani, ukafanya na yake. Kwa hesabu yangu, siku ile darasani kwako alikuwapo mwanafunzi mmoja tu aliyejifunza majedwali, na shati lake lililowa.

Kwenye taipu nilikuwa naona walimu wanafanya hivyo hivyo. Mtoto anahangaika na utepe, mwalimu hawezi kustahimili, anamtoa kitini. Si roho mbaya. Ni huruma, na kidogo ni majivuno, kwa sababu inapendeza kuonekana unajua. Ndiyo maana nilikuwa nashika rula. Mkono ulioshika kitu hauwezi kushika kazi ya mtu mwingine.

Fanya hivi: ukiingia, weka mikono nyuma. Akikwama, muulize alikuwa anataka nini, amebonyeza nini, na anadhani kingine cha kujaribu ni kipi. Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Utaona kama karne inapita, lakini ni muda mfupi tu.

Pole kwa kukusema. Nakusema kwa sababu mwezi wa sita hauko mbali.

Shangazi yako

---

9 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako na nimekaa nayo siku kadhaa ili nisijibu kwa hasira, lakini naona hasira imekaa pamoja nami, kwa hiyo bora nijibu.

Kwa heshima zote, taipu si kompyuta. Mwanafunzi wako akikosea alikosea herufi. Wangu akikosea anafuta faili la mwenzake, kwa sababu mashine moja wanaikalia wengi na kila kitu kimerundikwa mahali pamoja. Wewe ulikuwa na chumba chako na ufunguo wako. Mimi baada ya viatu na vitambaa nabaki na muda usiotosha hata kuita majina. Nikimsubiri kila mmoja afikirie, akune kichwa, ajaribu, akosee, ajaribu tena, tutakuwa kwenye somo la kwanza mpaka mwezi wa sita. Halafu mkuu ataniuliza, "Mwalimu, ulikuwa unafanya nini?" nami nimjibu, "Nilikuwa nimesimama, mikono nyuma"?

Nakimbia kila kipindi kama mtumishi wa harusi. Hakuna mwalimu shule hii anayefanya kazi kama mimi. Nilitegemea kwako angalau nitasikia pole, nikapata jina langu la utani likiwa limefafanuliwa.

Siku binamu akimaliza kukufundisha, niandikie kwa barua pepe, ndipo tujadiliane kompyuta vizuri.

Mwanao

---

2 Mei

Mwanangu,

Barua yako ya Aprili niliipata. Umesema kweli kuhusu muda, na kuhusu ufunguo. Pole. Hilo nilipaswa kulisema mwanzo.

Mengine sitayarudia.

Mtihani unakaribia. Niandikie.

Shangazi yako

---

12 Juni

Shangazi, shikamoo.

Mtihani umekwisha. Umekwenda. Nina kazi nyingi za kusahihisha, nitaandika vizuri nikipumzika. Nisalimie wote hapo nyumbani.

Mwanao

---

24 Juni

Mwanangu,

"Umekwenda." Mimi nimesahihisha insha za makarani maisha yangu yote, najua neno lililowekwa mahali ili lizibe tundu.

Mama yako amenipigia simu. Wifi yangu huyo hajui kunong'ona, kwa hiyo nyumba nzima imesikia. Anasema unataka kuacha kazi, ukasimamie duka la simu la mjomba wako. Anasema huli. Anasema ukiulizwa habari za shule unatoka nje kwenda kuangalia kama mvua inakuja, na mvua zilikwisha zamani.

Sikuandikii kukuzuia. Duka ni kazi ya heshima. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nilikuficha, na barua yako ya Aprili ililigusa bila wewe kujua.

Nilikuambia binamu yako ananifundisha na tunaendelea vizuri. Hatuendelei. Siwezi kutuma barua pepe. Mimi, niliyekuwa napiga taipu nikizungumza na mtu aliyesimama mlangoni. Kila jioni nakaa, naweka vidole mahali pake, natafuta pa kubonyeza, na kabla sijapata binamu yako anasema, "Lete mama, utachelewa kula." Anashika kipanya. Tap, tap, imekwenda. "Umeona?" Nami nasema nimeona, maana kweli nimeona. Nikibaki peke yangu pale mezani, macho yanakumbuka na mkono haukumbuki. Basi nainuka, nachukua kalamu. Anafanya hivyo kwa upendo, na amechoka kutoka kazini, kwa hiyo namshukuru. Nimemshukuru hivyo tangu mwaka jana.

Niliona aibu kukuambia. Na uliponiandikia ule utani wa barua pepe, nilikaa na ile karatasi muda mrefu.

Sasa niambie mtihani ulikuwaje. Usiniambie matokeo, mama yako ameyatangaza. Niambie mkono wa nani ulikuwa wapi.

Shangazi yako

---

5 Julai

Shangazi, shikamoo.

Nisamehe kwa Aprili. Sikujua.

Siku ya mtihani msimamizi alikuwa mama mmoja mkimya, mwalimu wa shule jirani. Akanikaribisha niingie kwenye chumba changu mwenyewe, akaniambia, "Mwalimu, unaruhusiwa kusimama, huruhusiwi kugusa wala kuelekeza." Makamu alikuwa ameshafungua mlango mapema, vitambaa vimeshatolewa, na hata viatu siku hiyo hawakuvua, kwa sababu msimamizi alishangaa kuona wanaanza kuvua akauliza kuna nini. Yaani kila nilichokuwa nalalamikia siku hiyo hakikuwapo. Nataka ulijue hilo.

Kazi ilikuwa jedwali. Mazao mengine, uzito mwingine, lakini jedwali ni lile lile.

Nahodha akaandika majina vizuri. Akaandika uzito vizuri. Ikafika kujumlisha, akasimama. Akanyoosha mkono. Mimi nikatazama dirishani. Akasema taratibu, "Mwalimu, imegoma." Msimamizi akamwambia aendelee mwenyewe. Basi, Shangazi, yule mtoto akasogea. Hakuna aliyemwambia. Alijivuta kwenye benchi akaacha nafasi ya mtu mmoja mbele ya mashine, akaweka mikono mapajani, akanisubiri. Alikaa hivyo. Nikatazama safu ya pili, na huko nako wameanza kunitazama na kusogea, mmoja baada ya mwingine, mpaka mashine zilikuwa zimebaki kama viti vilivyowekewa mgeni.

Nilitamani ardhi inimeze na lile kabati linifuate.

Walioendelea ni wa nyuma. Bi Mdogo na wenzake. Nilikuwa nasikia vitufe vyao tu chumba kizima. Yeye alimaliza, akajumlisha, akahifadhi, akakaa anatafuna kucha. Baadaye nilimfuata nje nikamuuliza nani aliyemfundisha. Akadhani ninamshtaki.

"Hakuna, mwalimu."

"Sasa umejuaje?"

"Tulikuwa tunajaribu tu. Ikikataa tunarudi nyuma, tunajaribu nyingine. Ikifanya kitu cha ajabu tunacheka."

"Kwa nini hamkuwa mnaniita?"

Akaangalia viatu vyake. "Mwalimu, wewe huwa hufiki kule."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anavyotaja hali ya hewa. Mimi nilidhani nimewaacha, nikawa najilaumu kwa hao. Kumbe hao ndio pekee niliokuwa sijawaharibu.

Mkuu alikuwa na makaratasi yake ya kulifuta somo tayari. Lakini msimamizi alikaa naye kidogo, sijui walizungumza nini, na alipotoka mkuu akaniambia kidato cha tatu watarudia mwezi wa tisa, mara moja tu, na baada ya hapo madawati yanaingia. Meza hazigeuzwi. Kabati halihamishwi. Vitambaa vinarudi. Amenifungulia jambo moja: ufunguo nitakaa nao mwenyewe.

Mjomba ananisubiri nimpe jibu la duka. Sijampa. Muhula mpya umeanza, na juzi niliingia darasani nikakuta wameshajibana upande mmoja wa mabenchi, wameniachia nafasi. Nikakaa kwenye kiti changu kipindi kizima. Nikiwasaidia nawaua, nisipowasaidia wananitazama kama nimewatupa. Sijui nisimame wapi. Hii mikono sijui niiweke wapi.

Mwanao

---

14 Julai

Mwanangu,

Utaona mwenyewe kwamba barua hii haikuandikwa kwa kalamu. Pale ambapo neno limeachana na mwenzake sana ni mimi, na ule mstari ulioanza katikati ya karatasi ni mimi pia, sijui nilibonyeza nini, lakini nimeuacha kama ushahidi. Nilimsomea binamu yako barua yako, na ile sehemu ya watoto kusogea. Jioni yake alikaa pembeni yangu, ameikalia mikono yake, kweli kabisa, ameiweka chini ya mapaja. Nimehangaika na kuhifadhi mpaka chakula kikapoa. Mara mbili nimesikia anavuta pumzi kama mtu anayeng'olewa jino. Mara moja mkono ulimponyoka, nikaupiga kofi. Barua haikwenda hewani, imebidi niichape na kuitia kwenye bahasha, lakini kesho tunaendelea.

Sasa wewe. Umeniuliza mambo mawili, na yote mawili yana jibu jepesi, ingawa kulitenda si kwepesi.

Usimame wapi. Umekuwa unataka kugeuza meza ili uone skrini. Huruhusiwi, sawa, achana nazo. Geuka wewe. Meza zote zinatazama ubao, kwa hiyo skrini zote zinatazama nyuma. Jibane pale kabatini, simama nyuma ya safu ya mwisho, nawe utaona kila mashine bila kuzunguka. Picha ya mkuu itabaki kama ilivyo, maana kwenye picha ile hakuna mwalimu. Na wale wa mbele wakigeuka kukutafuta watakukuta mbali, na kwa sababu uko mbali, benchi halitakuwa na haja ya kuachiwa nafasi.

Hawatakupenda wiki ya kwanza. Nahodha atakasirika kuliko wote, kwa kuwa ndiye aliyezoea kuliko wote, na pengine ataanza kudhani hana akili. Huyo umhurumie kwa maneno, usimhurumie kwa kipanya. Waambie tu ukweli: mlikuwa mnasogea kwa sababu mimi niliwafundisha kusogea, na sasa tunajifunza kingine. Ikigoma, Bi Mdogo ameshakupa somo zima, sina la kuongeza hapo: wanarudi nyuma, wanajaribu nyingine, wanacheka.

Siwezi kukuahidi mwezi wa tisa. Muda ni mfupi na wamepoteza mwingi. Inawezekana madawati yakaingia, na mjomba akakupata. Lakini ukienda dukani na mikono hiyo hiyo utamnyang'anya kila mteja simu yake, kwa hiyo bora uifundishe kwanza huko ulipo.

Barua hii ikikufikia asubuhi nawe una kipindi mchana, anza siku hiyo hiyo. Ukiingia, pita mbele ya ubao bila kusimama, nenda mpaka kwenye kabati, shika mkono mmoja kwa mwingine nyuma ya mgongo, na usiuachie mpaka kengele ilie.

Shangazi yako